Risasi Katika Damu ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegawiwa orodha. Watu mia sita na kumi na wawili walitoa damu miaka kumi na miwili iliyopita. Damu yao bado ipo kwenye friza la chini, katika vichupa vyembamba kama kidole cha mtoto. Imeshapimwa yote: zinki, shaba, seleniamu, kadmiamu, risasi. Vitu ambavyo mwilini vimo kwa chembe tu. Lakini chembe hizohizo, baadhi zikipungua na nyingine zikizidi, mtu anakiona cha moto. Sasa Daktari anataka jambo moja. Kati yao nani bado anapumua?

Hiyo ndiyo kazi yetu wafuatiliaji. Simu, miguu na maneno mazuri. Kwenye fomu kuna visanduku vitatu: Yu hai. Amefariki. Hajulikani. Unatia tiki kimoja, unakwenda kwa mwingine.

Mimi nimepata sabini na wanne. Ukurasa wa kwanza hauna majina, namba tu. Nikashuka nao kwa kidole. 301, 305, 309, 312, 318.

Kidole kikagoma hapo.

Namba hiyo niliiandika mimi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nimepewa kazi ya kubandika lebo. Na mwenye damu alikaa mbele yangu amekunja mkono wa shati, ananitania: "Andika vizuri, mdogo wangu, nisije nikabebeshwa ugonjwa wa mtu."

Kaka.

Kanuni inasema ukikuta jamaa yako kwenye orodha, unairudisha namba siku hiyohiyo. Naijua sana kanuni hiyo. Mimi ndiye niliyeichapa! Nimekunja karatasi, nimeitia mkobani, nimekuja nayo nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Simu kumi na tisa. Kumi na mmoja wamepokea.

Namna ya kuuliza ndiyo shughuli. Huwezi kumwambia mtu, samahani, mumeo ameshakufa? Tumefundishwa kusema: "Namuulizia bwana fulani, tulikuwa naye kwenye utafiti wa damu, ningependa kujua anaendeleaje." Halafu unanyamaza. Mwenye mtu wake hujibu papo hapo. Aliyefiwa huvuta pumzi kwanza.

Mama mmoja hakuvuta chochote. "Anaendeleaje? Yupo hapa, amenuna tangu asubuhi kwa ajili ya soksi! Kama mnamtaka njooni mmchukue." Nilicheka mpaka muuguzi wetu akageuka. Yeye tunamwita Sindano, ndiye aliyewatoboa watu wote wale mia sita, na meza yake inatazamana na yangu.

Kumi wako hai. Mmoja amefariki, mwaka jana, usingizini. Binti yake alinishukuru kwa kuuliza. Alisema siku hizi hakuna anayemuulizia baba.

Jioni Mama ananisubiri na swali lake. "Haya, wangapi leo?" Anataka nimtajie walio hai tu. Wafu hajali kuwahesabu. Nikimwambia kumi, anatikisa kichwa kama mtu aliyepokea mavuno.

Sikumwambia kuhusu 318.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri, mtandao haushiki, simu zinakatika. Basi naandika.

Baba alipofariki, Kaka alikuwa na miaka kumi na sita. Mimi minane. Wiki iliyofuata aliweka madaftari yake juu ya kabati, akaenda karakana ya betri chakavu nyuma ya soko la mbao. Kazi yenyewe: kupasua betri za magari kwa shoka, kumwaga tindikali mtaroni, kutoa vibamba vya ndani, kuviyeyusha kwenye sufuria mpaka risasi ichuruzike, inang'aa kama maji ya kioo. Bila glavu. Bila kitu puani. Wenzake walimwita Chuma kwa sababu hakukosa kazini hata siku moja. Akirudi nywele zimejaa vumbi la kijivu, nami nampangusa kwa taulo. "Leo umezeeka tena, Kaka!" Anacheka, ananipa chungwa.

Karo yangu ilitoka kwenye sufuria lile. Sare, vitabu, nauli ya chuo. Yote.

Na chuoni nikafundishwa risasi inavyofanya. Zinki mwili unaihitaji, shaba unaihitaji, hata seleniamu. Risasi hauna kazi nayo hata chembe. Lakini inajifanya kalsiamu, inaingia mfupani kama mpangaji mstaarabu, na ikishaingia, kuhama haitaki. Miaka ishirini, thelathini imo tu. Inapandisha shinikizo la damu, inakula figo, inachosha mishipa.

Usingizi ukaniruka. Nikamwendea Daktari, aliyekuwa mwalimu wangu, nikamwambia kuna mahali. Alikuwa anataka kupima mtaa mzima, akaongeza na karakana. Wanaume ishirini na tisa walikubali kutobolewa kwa neno la Kaka: "Huyu ni mdogo wangu, hana baya."

Majibu yalipotoka nilikimbia mpaka nyumbani. "Mama, Kaka ana risasi mwilini!" Mama alipiga ukelele, akatoka nje bila viatu kuuliza nani kampiga mwanawe bunduki. Ilibidi Kaka mwenyewe avue shati amwonyeshe kuwa hana tundu. Tulicheka sote watatu hadi machozi.

Hatukucheka tena pamoja.

Wakaguzi walikuja. Karakana ikafungwa ndani ya siku moja. Sawa! Lakini hakuna aliyewatibu wale watu, hakuna aliyewatafutia kazi nyingine. Wake zao walikuja kupiga kelele mlangoni kwetu. Kaka alitoka akasimama nao. Nao, si nasi. Wiki tatu baadaye alifunga begi. Mama alikuwa kaenda sokoni. Kaka aliniambia taratibu, bila kufoka, afadhali angefoka:

"Nilikusomesha kwa risasi. Na wewe umenipiga nayo."

Nilikuwa sahihi. Yeyote aliyesoma atakwambia nilikuwa sahihi. Na nimekuwa sahihi peke yangu miaka kumi na miwili.

Ijumaa, 7 Machi

Simu iliyoandikwa kwenye orodha kwa 318 haipatikani. Nilijua. Miaka ile nimeipiga mara ngapi! Nimeipiga tena hata hivyo. Nimemsikiliza yule mwanamke wa mtambo mpaka mwisho, kisha kwa lugha yake ya pili.

Hilo ni jaribio la kwanza. Kanuni zinataka matatu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya jambo baya la pili.

Sisi wafuatiliaji haturuhusiwi kuona vipimo. Ukijua mtu ana namba mbaya unamtafuta kwa jicho la msiba, ndivyo Daktari anavyosema. Leo yeye yuko mkutanoni, kompyuta yake wazi, nami nimepeleka barua mezani kwake. Nikaketi.

318. Risasi: 58. Kwa kipimo hicho sisi tukiona tano tu tunashtuka. Zinki chini. Seleniamu chini sana. Shaba juu, kama inavyokuwa mwili ukiwaka moto wa ndani.

Nikaigusa ile 58 kwenye kioo kwa kidole. Mjinga mimi. Ilikuwa na joto, joto la kompyuta.

"Huyo ni nani kwako?" Sindano alikuwa mlangoni.

"Si mtu."

"Kwa asiye mtu, unalia vizuri."

Hakupiga kelele. Alifunga lile faili mwenyewe, akavuta kiti. Akaniambia namba zile ni picha ya asubuhi moja. Damu ya asubuhi ile imeshapita, mwili umetengeneza nyingine mara nyingi. Ni kweli, rasimu ya kwanza ya hesabu inaonyesha kuwa waliokuwa na risasi nyingi wamekufa zaidi kuliko wenzao. Nao waliopungukiwa na seleniamu vilevile. "Lakini hata katika kundi baya kabisa, mdogo wangu, wengi wako hai. Wengi! Watu hulisikia lile la kwanza wakaziba masikio kabla ya hili la pili." Kisha akanong'ona kuwa mzee mmoja aliyekuwa na damu safi kuliko sote aliangukiwa na ukuta wa bafu. "Zinki yake bado ilikuwa nzuri alipozikwa."

Nilitaka kucheka. Nikashindwa.

"Mwambie Daktari," alisema akiinuka. "Kabla mimi sijalazimika."

Nimemwomba siku nne.

Jumatano, 12 Machi

Jaribio la pili. Nimekwenda kwa miguu yangu.

Msimamizi wao pale karakana walikuwa wakimwita Kapteni. Nimemkuta ana kibanda cha makufuli na funguo kando ya kituo cha basi. Kiganja chake cha kulia kinaning'inia kama ua lililokosa maji. Hawezi kuinua kifundo. Funguo anachonga mkewe, yeye anaelekeza kwa kidevu.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Wewe si yule binti wa vichupa?"

"Ndiye mimi, mzee."

Mkewe aliacha kuchonga. Tupa ikanyamaza. Niliwajua wanawake waliokuja mlangoni kwetu mwaka ule, na yeye alikuwa mmoja wao.

"Ulitufungia kazi," Kapteni akasema.

"Ndiyo."

"Kazi ilikuwa inatuua."

"Ndiyo, mzee."

"Na njaa nayo haikutubusu." Akamwashiria mkewe anisogezee kigoda. "Keti. Umemfuata Chuma."

Nikaketi.

Alinisimulia kwa vipande, wateja wakimkatiza. Kati ya wale ishirini na tisa, yeye mwenyewe amezika sita. Mmoja figo, wawili shinikizo la damu, wengine hakuna aliyewapima. Kaka alihama mji, akarudi, akahama tena. Mara ya mwisho waliyoonana ni miaka mitatu iliyopita, msibani kwa mwenzao. Alikuwa amekonda. Anasimulia jambo, anasahau katikati. Aliwahi kuuliza habari za Mama.

Kuhusu mimi? Sikuuliza. Kapteni akanisaidia bila kuombwa: "Wewe hakukutaja. Lakini mtu akianza kukusema vibaya, anaondoka mezani."

Nimelibeba neno hilo njia nzima.

Yuko wapi? Mji wa jirani, saa mbili kwa basi, kwenye mafundi wa redieta za magari nyuma ya kituo cha mizigo. Au alikuwapo.

"Anafanya nini huko?"

"Analehemu."

"Kwa kutumia nini?"

Kapteni alinitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Kwa risasi, binti. Yule hajui kazi nyingine. Nani alimfundisha nyingine?"

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia Daktari. Yote: karatasi, kompyuta, Kapteni.

Yeye ni mwanamke mfupi, anazungumza akiwa anafuta miwani. Alifuta muda mrefu mno.

"Ulipaswa kusema Jumatatu ya kwanza."

"Ndiyo, Daktari."

"Ningeweza kukuondoa kwenye mradi."

"Ndiyo."

"Na unajua kwa nini sikuondoi? Kwa sababu mimi ndiye niliyewatuma wakaguzi. Si wewe. Wewe ulikuwa mwanafunzi. Niliandika ripoti, nikaisaini, nikala chakula cha mchana. Wale watu wangepata kazi gani kesho yake? Sikujiuliza." Akavaa miwani. "Nimejiuliza baadaye sana."

Namba 318 imehamishiwa kwa Sindano. Nimekatazwa kwenda kwa mafundi wa redieta. Mwisho ni tarehe thelathini na moja. Kufikia hapo, wasiojulikana wataondolewa kwenye hesabu.

Wataondolewa kwenye hesabu! Amesema kwa upole kabisa, ni neno la kazi tu. Nilienda chooni nikafungua bomba ili nisisikike.

Jumapili, 16 Machi

Mama anapiga pasi. Nikamwambia: yumo kwenye orodha yangu.

Hakuuliza nani. Aliisimamisha pasi wima, akachomoa waya ukutani, akakunja lile shati hali nusu yake bado ina makunyanzi.

"Wamesema amekufa?"

"Hawajui, Mama. Hawajamwona."

"Basi hajafa."

Mwaka ule wa kwanza Kaka alikuwa akimpigia. Mara nne, nadhani tano. Alimwambia asinipe namba mpya na Mama akaheshimu. Kisha simu zikakoma. Ndiyo maana Mama hataki simu niliyomnunulia, anang'ang'ania ile kuukuu iliyofutika tarakimu, eti laini itakufa ikihamishwa. Nimemweleza mara mia kuwa haifi. Leo sikumweleza.

"Ulikuwa unanikasirikia?" nilimwuliza. Sijawahi kuthubutu.

Alifikiri kweli. "Nilikuwa na watoto wawili. Mmoja alikuwa anakufa polepole na mwingine akapiga kelele. Ningemkasirikia anayepiga kelele?" Halafu: "Kidogo. Jioni jioni."

Nikamkumbatia kiunoni kama nilivyokuwa mdogo. Ananukia nguo zilizopigwa pasi. Sote wawili tuna hamu na mtu mmoja, na tumeishi nyumba moja miaka kumi na miwili kila mmoja akijificha na hamu yake, kama wezi wawili waliovunja nyumba moja bila kujuana.

Jumanne, 18 Machi

Sindano amefungua faili la 318 rasmi. Nilimwona akisoma. Akasoma tena ukurasa wa pili, akaniangalia kwa juu ya karatasi.

Kisha simu yangu ikalia. Namba ya ofisi. Yeye huyo, hatua tatu kutoka nilipokaa.

Nikamwashiria: nini? Akaashiria: pokea.

"Habari za asubuhi, dada," alisema, kwa ile sauti yetu ya kazini. "Napiga kutoka kwenye utafiti wa damu. Wewe umeandikwa kuwa mtu wa karibu wa mshiriki wetu mmoja, wa kuulizwa endapo yeye hapatikani."

Sikujua. Nilibandika lebo tu, fomu zilijazwa meza nyingine. Akanigeuzia ukurasa. Mtu wa karibu: mdogo wangu wa kike. Kwa mwandiko wake, ule wa kulalia kushoto. Si Mama, ni mimi.

"Ningependa kujua anaendeleaje," Sindano alisema. Akanyamaza, kama tulivyofundishwa.

Mimi nikavuta pumzi.

"Sijui," nikasema.

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Miaka kumi na miwili. Mwezi wa saba. Alikuwa na begi la bluu."

"Kuna ujumbe ungependa tumfikishie tukimpata?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Halimo! Macho yake yalikuwa chini, kalamu tayari.

Nikafungua mdomo. Miaka yote hii nimetunga hotuba nzima nikiwa kwenye basi, jikoni, bafuni. Zote zimenikimbia.

"Mwambie aache kulehemu ndani," nikasema. "Alehemu nje, penye upepo. Anawe mikono kabla ya kula. Mwambie... mwambie basi hivyo."

"Nimeandika," Sindano alisema. "Asante kwa muda wako, dada."

Akakata. Tukakaa hivyo, meza kwa meza, kila mtu na kazi yake.

Alhamisi, 20 Machi

Sindano ameondoka na basi la asubuhi. Amebeba kisanduku cha barafu, kwa sababu mshiriki aliye hai anaombwa damu mara ya pili. Nimepiga simu zangu. Wanane. Sikumbuki walisema nini. Nimeandika tu.

Saa nane hajarudi. Saa tisa hajarudi. Nimechonga penseli zote za ofisi.

Saa kumi na dakika ishirini kaingia. Vumbi hadi magotini. Hakunitazama. Alipita moja kwa moja kwenda kwenye friza na kile kisanduku.

Haruhusiwi kunieleza. Mimi nami siruhusiwi kuuliza. Tulikuwa tumekubaliana hivyo, mbele ya Daktari, kama watu wazima.

Lakini kabla ya kuweka sampuli lazima usome lebo kwa sauti, mtu wa pili aandike kwenye daftari. Ndiyo kanuni. Na mtu wa pili leo alikuwa nani? Wote walishaondoka.

"Andika," alisema.

Nikashika kalamu.

"Mia mbili na sitini, B." Nikaandika. "Mia tatu na mbili, B." Nikaandika. Herufi B ni damu mpya, ya mtu aliyekaa kwenye kiti leo na kukunja mkono.

Akatoa kichupa cha tatu. Nikasikia friza linavyonguruma.

"Mia tatu na kumi na nane," alisema. "B."

Nimeliharibu daftari la ofisi. Wino umetapakaa, itabidi ukurasa uandikwe upya.

Ijumaa, 21 Machi

Yu hai. Yu hai. Yu hai.

Mama nilimwambia jana jioni. Aliketi sakafuni palepale jikoni. Kisha akaniuliza kama anakula vizuri!

Jumatatu, 24 Machi

Furaha imekaa siku tatu, leo imeanza kuuma.

Kwenye fomu mpya kuna swali la mwisho: je, taarifa zako na mahali ulipo zinaweza kutolewa kwa jamaa? Ndiyo. Hapana. Nimemwuliza Sindano jambo moja tu, alijibu nini hapo. Nikamwapia kuwa sitauliza lingine.

"Hakujaza."

"Alikataa?"

"Kukataa kuna kisanduku chake. Hakukijaza. Alishika kalamu, akaiangalia, akanirudishia." Akasita. "Nilimpa ujumbe wako. Alisema, 'Bado ananifundisha.'"

"Kwa hasira?"

"Wewe ndiye uliyelelewa naye. Mimi nilikuwa natafuta mshipa."

Bado ananifundisha. Nimeligeuza neno hilo siku nzima kama sarafu. Upande mmoja limecheka. Upande mwingine limefunga mlango. Nakumbuka uso wake, ila sauti... Sauti imeanza kunitoka, naogopa kusema. Najaribu kulisikia neno lile kwa sauti yake, lakini nasikia ya Sindano.

Na damu mpya imepimwa leo. Mashine iko chumba cha pili, nilisikia ikivuma. Sikwenda. Naapa sikwenda hata mlangoni. Kwa mara ya kwanza sitaki namba. Iwe tano, iwe mia. Ninachotaka hakimo mle kwenye mashine.

Jumanne, 25 Machi

Daktari kaniita. Alhamisi washiriki walio hai wanakuja kuchukua majibu yao na kuonana na tabibu. Safari hii amepata tabibu wa figo na dawa za kutoa risasi mwilini kwa watakaozihitaji. Ametumia mwaka mzima kuomba. Hakutaka kulitaja kabla halijawa.

"Hiyo siku usishike orodha," alisema. "Usiite watu, usiguse faili."

"Ndiyo, Daktari."

"Chukua likizo."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. "Mtu aliye likizo," akasema, anafuta miwani, "anakaa anapotaka. Korido ile ni ya watu wote. Hata mama yako akija kupumzisha miguu sina sheria ya kumtoa."

Alhamisi, 27 Machi

Saa mbili asubuhi. Naandikia kwenye korido, daftari juu ya paja. Mama yuko kushoto kwangu, amevaa gauni la kijani, fimbo yake ya kutembelea imeegemea kiti, na amenikataza nisiweke mkoba wangu chini, eti sakafu ya hospitali. Sijui kama Kaka atakuja. Hakuna anayejua. Sindano anasema alichukua kadi ya miadi, akaitia mfuko wa shati, akarudi kwenye redieta yake.

Saa tatu. Wamekuja kumi na wawili. Bwana mmoja amevaa soksi za rangi mbili na mkewe anamsema. Ni wao! Nimewajua kwa sauti. Anasema mkewe, anaitikia yeye, wanagawana karanga.

Kapteni naye amefika, mkewe kambeba mkono ule kama mtoto. Amemwamkia Mama. Mama amempisha nafasi.

Saa nne kasorobo. Wanaita kwa namba. 260 ameingia. 302 ameingia.

Mama anauliza atamtambuaje mtu ambaye hajamwona miaka kumi na miwili. Nimemwambia wewe ni mama. Amesema ndiyo, lakini nilimwacha akiwa na nywele nyeusi.

Nimefikiria la kumwambia. Samahani? Nimefikiria pia kutomwambia samahani, kwa kuwa ningefanya vilevile tena, ila safari hii ningesimama naye nje, pale mlangoni, na wale wanawake. Hilo ndilo nililolikosa. Sikusimama naye.

"Mia tatu na kumi na nane!"

Watu wanageuza shingo.

"Mia tatu na kumi na nane!"

Hakuna. Wameita anayefuata. Mama ananiuliza kama ndiyo yetu. Nimesema subiri kidogo, Mama, huwa wanarudia.

Saa nne na robo. Kuna mtu nje ya mlango wa kioo, mwishoni mwa korido. Jua liko nyuma yake, naona umbo tu. Mwembamba mno. Anavuta kitasa. Mlango ule ni mzito, unatakiwa kuushika kwa nguvu. Mkono wake umeteleza. Ameshika tena. Umeteleza tena. Sasa ametumia mikono miwili.

Watu wanatazama, hakuna anayekwenda.

Mama amesimama. Namshika gauni, namwambia ngoja, huenda siye. Hanisikii. Amekwishapita viti vitatu, anakwenda bila fimbo, na mimi bado nina kalamu mkononi. Naliacha daftari hapa, namfuata.